Kadi Nne, Pointi za Ndege na Umra ya Mama



Kila likizo, watoto wa Unguja walioko Marekani wakirudi kutembea, hatukosi bibi harusi mpya wa kutuvuta pembeni, mara nyingi jikoni, akatuuliza kwa sauti ya chini: “Hivi ni kweli nyinyi mnasafiri kwa pointi? Na mtu akishahamia huku anaweza kuendelea nazo?” Tumeulizwa mara nyingi mno, tukaona bora tuandike jibu lote, utamu wake na uchungu wake. Tunaandika mume na mke pamoja. Kwa hiyo mkisoma “sisi”, jueni ni wawili, na makosa yaliyomo humu ni ya wawili.

Tuliishi Columbus, Ohio, miaka saba. Mmoja wetu alikuwa raia wa kule tayari, mwengine akafuata baada ya ndoa. Tulirudi Unguja kwa ajili ya Mama, ambaye presha ya macho ilikuwa inamla taratibu. Kazi zetu tunafanya kwa kompyuta, mshahara unaingia kwenye akaunti ya Marekani kama zamani. Tulishuka uwanja wa ndege na mabegi sita, mtoto mmoja, na kadi nne za mkopo ambazo tulijivunia kuliko tulivyostahili.

Kadi hizi ni kitu gani

Kwa dada ambaye hajawahi kuishi kule, tueleze kwanza. Kadi ya kawaida ya benki inatoa pesa yako mwenyewe iliyomo kwenye akaunti. Kadi ya mkopo, benki inamlipa muuzaji, wewe unabaki na deni, na kila mwezi inakuja bili. Sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inataka bili itumwe angalau siku 21 kabla ya siku ya mwisho ya kulipa. Ukilipa deni lote kwa wakati, hutozwi riba kwenye manunuzi. Ukibakisha, riba inaanza, na siku hizi kadi nyingi zinatoza zaidi ya asilimia 20 kwa mwaka.

Pointi ndiyo chambo. Kila dola unayotumia inakupa pointi moja, mbili au tatu, kutegemea umenunua nini. Lakini pointi nyingi zinatoka kwenye bonasi ya kufungulia kadi. Mfano ni Chase Sapphire Preferred, ambayo ada yake kwa miaka mingi imekuwa dola 95 kwa mwaka, na bonasi yake mara nyingi ilikuwa pointi 60,000 kwa mtu atakayetumia dola 4,000 ndani ya miezi 3. Ukizigeuza pesa taslimu ni kama dola 600. Ukizihamishia kwenye programu ya shirika la ndege unaweza kupata zaidi ya hapo. Kwa sisi wa visiwani njia nzuri ni mashirika ya Star Alliance, kwa sababu Ethiopian Airlines wamo humo na wanatua Zanzibar. Unahamishia pointi United au Aeroplan ya Canada, kisha unakata tiketi ya Ethiopian.

Basi watu wanafungua kadi moja, wanachukua bonasi, wanafungua nyengine. Benki nazo si wajinga. Chase wanajulikana kumkatalia mtu aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24.

Na pesa ya kulipia zawadi hizo inatoka wapi? Sehemu inatoka kwa wenye maduka, ambao kila kadi ikipita wanakatwa asilimia kadhaa. Benki inapata pia faida kubwa kutoka kwa wale walioshindwa kumaliza deni na wanalipa riba mwezi baada ya mwezi. Hili tulilijua tangu Columbus. Hatukupenda kulifikiria.

Kuzipata ukiwa unaishi huku

Tuseme wazi: kwa mtu ambaye hajawahi kuwa na maisha ya Marekani, mlango huu umefungwa, au karibu umefungwa. Unatakiwa uwe na namba ya Social Security, na baadhi ya benki zinakubali namba ya mlipakodi inayoitwa ITIN. Unatakiwa uwe na historia ya mikopo ya kule kule. Alama zinazotumika sana, za FICO, zinaanzia 300 mpaka 850, na asilimia 35 ya hesabu yake ni kama unalipa kwa wakati. Historia yako nzuri ya PBZ haivuki bahari. Dada aliye Uingereza mwenye kadi ya American Express ana nafuu kidogo, kwa sababu kampuni hiyo ina utaratibu wa kumsaidia mteja wake kuomba kadi yao katika nchi nyengine anayohamia.

Kisha unatakiwa uwe na anwani. Sheria za baada ya 2001 zinaitaka benki ijue mteja wake anakaa wapi hasa, si sanduku la posta. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wanaandika nyumba ya rafiki kana kwamba wanalala hapo. Sisi barua zetu zinakwenda kwa kaka yetu wa Columbus, lakini tuliwapigia simu wote na kusema kweli kwamba tumehamia Zanzibar na anwani hiyo ni ya ndugu. Wengine waliandika na kuendelea. Benki moja ndogo, ambayo ndiyo tulikuwa tunalipia bili zetu, ilisema haitaki mteja wa nje, tukafunga akaunti tukahamia kwengine. Likumbukeni jambo hili, tutarudi kwake.

Namba ya simu nayo ni mtihani. Benki zinatuma namba za siri kwa ujumbe mfupi, na nyingi hazikubali namba za intaneti tupu. Wekeni namba ya kweli ya Marekani kwenye mpango wa bei nafuu kabla hamjapanda ndege. Na raia wa kule msisahau kodi: mnajaza fomu popote mlipo, na akaunti zenu za nje zikizidi dola 10,000 kwa jumla wakati wowote wa mwaka, hizo nazo mnaziripoti.

Kwa dada wasio na mshahara, kuna jambo zuri kulijua. Tangu 2013, mke mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaweza kuandika kwenye maombi kipato cha nyumba ambacho kweli anakifikia. Lakini angalieni: kadi ikiwa kwa jina lako, deni ni lako. Kwenye dini yetu mali ya mke ni yake na matumizi ya nyumba ni juu ya mume. Usikubali kubebeshwa deni la samani za nyumba kwa sababu tu jina lako ndilo lililopita.

Kisiwani kadi haina raha

Tulipofika tuligundua kwamba Unguja kadi nne ni mapambo ya pochi. Darajani utalipa taslimu. Samaki, mkaa, fundi, mwalimu wa chuo, ni taslimu au pesa za simu. Kwenye hoteli na maduka makubwa kadi inapita, lakini mara nyingi wanaongeza asilimia zao. Kama kadi yako ina tozo ya matumizi ya nje, kwa kawaida kama asilimia 3, pointi zote zimeshaliwa hapo. Mashine ikikuuliza ulipe kwa dola au shilingi, chagua shilingi, maana bei ya dola wanayokupa pale ina faida ya mtu ndani yake.

Na jambo moja tunalisema kwa herufi kubwa za moyo: usitie kadi ya mkopo kwenye ATM ukatoa pesa. Manunuzi yana siku za nafuu. Pesa taslimu haina. Riba inaanza siku ile ile.

Siku riba ilipoingia nyumbani kwetu

Kule Columbus tuliwahi kuambiana kwamba sisi hatugusi riba. Bili zote tuliziweka zijilipe zenyewe kutoka akaunti ya benki, deni lote, kila mwezi. Miaka mingi haikupita hata siku moja ya kuchelewa.

Ile benki ndogo ilipofunga akaunti yetu, tulikaa usiku mmoja na kikombe cha chai ya tangawizi tukahamisha malipo ya kadi zote kwenda akaunti mpya. Tulihamisha tatu. Ya nne tuliisahau. Ilikuwa na dola 612, sare za skuli na tiketi ya boti za wageni wetu na vitu vya nyumba. Ujumbe wa kutuonya ulikwenda namba ya zamani. Barua pepe ililala katikati ya matangazo ya viatu.

Kaka yetu ndiye aliyetuma picha ya bahasha kwenye WhatsApp. Faini dola 29. Chini yake, mstari mdogo: riba, dola 11 na senti 46.

Ni fedha za samaki wa siku moja. Lakini tulikaa kitandani tukaziangalia kama mtu anayeangalia nyoka ndani ya shuka. Tunajua Surat al-Baqara inavyolizungumzia jambo hili. Tunajua hadithi inayowaweka pamoja anayekula riba, anayeilipa, anayeiandika na wanaoishuhudia. Na sisi tulikuwa tumeshawaambia watu wangapi, kwa kujiamini, kwamba “ukiwa makini haikugusi”?

Tulipiga simu usiku ule ule. Binti aliyepokea alikuwa mpole, akafuta faini. Riba alisema hana uwezo nayo. “Imo kwenye mkataba mliotia saini,” akatwambia. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatusomea tu yaliyoandikwa.

Kwa sheikh

Wiki ile tulikwenda kwa sheikh wetu, mzee aliyewasomesha wengi mtaani kwetu, tukamueleza mwanzo mpaka mwisho. Tulitarajia atatwambia ni kosa la kusahau, tutubu, basi. Yeye akataka tumfasirie mkataba. Tukamsomea kwa Kiswahili kifungu cha riba. Akasema, “Someni tena hapo.” Tukasoma tena.

Akatueleza kwamba Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya kimataifa, ilipokutana Riyadh mwaka 2000, iliamua kwamba kadi ya mkopo isiyo na fedha za mwenyewe nyuma yake, ikiwa mkataba wake una sharti la riba, haijuzu kuitoa wala kuitumia, hata kama mwenye kadi ana nia ya kulipa kabla ya muda. Akasema pia wapo wanazuoni wanaoishi nchi za Magharibi waliowaruhusu watu wao kwa haja, wakiwa na uhakika wa kulipa yote kwa wakati, kwa sababu kule bila historia ya mkopo hata nyumba ya kupanga ni shida. Hakuwabeza hao wala hao.

Kisha akatuuliza, “Wanangu, kule mlikuwa na haja. Nimekubali. Hapa Unguja haja yenu ni ipi?”

Tulitazamana. Jibu la kweli lilikuwa ni pointi.

Tukamwambia lililokuwa linatukaa rohoni. Tulikuwa na pointi 130,000 tulizozikusanya kwa ajili ya Umra ya Mama. Tulishamwambia. Alishaanza kuwaaga jirani zake.

Alinyamaza kidogo. Akasema zawadi inayotoka kwa mkopeshaji kwenda kwa mkopaji si kama riba inayotoka kwa mkopaji, na pointi zilizokwisha patikana tukizitumia kwenye safari zetu za kawaida hana la kutukatalia. “Lakini ibada ya mama yenu,” akasema, “itoeni kwenye shaka.”

Mama

Hili ndilo gumu kuliandika. Daktari alikuwa ametwambia kwamba macho yaliyoharibiwa na presha hayarudi. Matone yanazuia tu kilichobaki kisiondoke haraka. Pointi zilikuwa tayari. Tungeweza kuondoka mwezi ule. Kuacha pointi maana yake ni kukusanya fedha upya, na kukusanya maana yake ni kusubiri, na kila mwezi wa kusubiri ni nuru ya Mama inayopungua.

Usiku tulibishana. Mmoja wetu akasema Mola ni mwingi wa rehema, tumpeleke akaione Kaaba angali anaona. Mwengine akasema hatutaweza kusimama pale na swali hili kifuani. Mwisho tukakubaliana kwamba Umra ni ya Mama, basi aulizwe Mama.

Tulimueleza pole pole, kadi, mkataba, bahasha, sheikh. Alikuwa anachambua mchele kwa vidole kwa sababu macho hayamsaidii tena kwenye ungo. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Sasa hiyo safari mlisema ya bure,” akasema.

“Ndiyo, Mama.”

“Hakuna cha bure, wanangu. Kuna mtu kalipa, nanyi hamumjui.” Akaendelea na mchele wake. “Mimi nitasubiri. Nikifika sioni, Yeye ananiona.”

Tulinunua kibubu cha mbao Darajani, tukakiweka juu ya kabati la Mama. Kila kazi ya ziada, kila shilingi ya sikukuu, iliingia mle. Shangazi walichangia. Mtoto wetu alitia zawadi zake za kuhitimu juzuu. Ilichukua miezi kumi na moja. Tiketi tulikata taslimu kwa wakala wa mjini, na risiti Mama aliikunja akaitia ndani ya msahafu wake.

Alifika. Pale mbele ya Kaaba tulimuuliza anaona nini. Akasema anaona weusi mkubwa, kama mtu anayeangalia kupitia chandarua. Akalia, nasi tukalia. Miezi kumi na moja nyuma huenda angeona zaidi. Tunalijua hilo na hatujifichi nalo. Yeye hajawahi kulitaja hata siku moja.

Zile pointi zilimleta kaka yetu na mkewe, kutoka Columbus kupitia Washington na Addis Ababa, wakakaa na Mama wiki tatu. Ilikuwa safari ya kawaida ya kuangalia mzazi, na tulifurahi nayo.

Tulipofikia sasa

Kadi tatu tumezifunga. Alama zetu zilishuka kidogo, dunia haikuanguka. Ya nne, ya zamani kuliko zote na isiyo na ada, bado ipo kwenye droo, haina deni. Juu yake, tuseme ukweli, sisi wawili hatujakubaliana. Mmoja wetu anataka ifungwe leo. Mwengine anaogopa kwamba tukilazimika kurudi Marekani tutaanza sifuri na mtoto mkononi. Tumewekeana muda mpaka Ramadhani inayokuja, tuamue. Tuombeeni.

Kwa bibi harusi anayesoma hapa na mchumba wake yuko ng’ambo, au wewe mwenyewe unakuja na pochi iliyojaa kadi, tunakuachia haya:

- Kabla ya nikaha muulizane madeni. Taja kila kadi, kiasi gani, na siku gani inalipwa. Si kukosa adabu. Mahari mnaizungumza, na hili lizungumzeni.
- Usifukuze bonasi kwa harusi. Dola 4,000 ndani ya miezi 3 inamfanya mtu anunue vito na mapambo ambayo hakuyahitaji, kisha akajiita mjanja. Huo ni israfu, hata ukipata tiketi.
- Ukiwa nchi ambayo kadi ni haja, muulize mwanachuoni unayemuamini ukiwa na mkataba mkononi. Usimuulize kwa maneno yako tu, maana sote tunajua kupamba swali.
- Ukibaki na kadi, usingoje bili. Lipa kila wiki. Sisi tulipokuwa bado na kadi, baada ya tukio lile, kila Ijumaa baada ya sala tulikaa pamoja tukalipa mpaka sifuri.
- Ukihama benki, namba ya simu au nyumba, andika orodha ya kila kitu kinachojilipa chenyewe, umpe mwenzako aikague. Kadi yetu ya nne ingeokolewa na karatasi moja.

Tulidhani umakini wetu ni ngao. Umakini ni wa binadamu, na binadamu anasahau usiku mmoja akiwa na kikombe cha chai mkononi.

Mwenyezi Mungu atutakasie mapato yetu, azibariki ndoa zenu, na awajaalie mama zetu afya na nuru ya macho na ya nyoyo. Amin.